Mtu wa Kuruka

Jumatatu, 3 Machi

Wananihitaji! Tangazo limebandikwa ukutani karibu na posta, herufi kubwa, hata mimi bila miwani nimelisoma nikiwa ng'ambo ya barabara: jeshi la akiba linapokea askari wa zamani. Askari wa zamani ni nani kama si mimi? Nililiacha wazi geti la kiwanda cha magodoro ninalolinda, nikatoka mbio hadi ofisi ya jeshi. Malori mawili yamepita bila kukaguliwa. Si kitu. Godoro halifichiki mfukoni.

Dirishani yupo karani wa kike, mkali kama pilipili, miwani imemkaa ncha ya pua. Akanieleza utaratibu. Aliyeacha jeshi juzijuzi harudii mafunzo, anapimwa afya na kupewa kombati. Aliyetoka ndani ya miaka mitano anakwenda kozi fupi ya wiki mbili, ya kujikumbusha, na cheo chake anarudishiwa. Zaidi ya hapo unaanza upya na makuruta, miezi mitatu mizima, na cheo kinafutwa kama chaki ubaoni. Akaniuliza mimi nimetoka lini. Nikasema juzijuzi. Akauliza juzi ipi. Nikasema nitarudi na jibu.

Ukweli (naandika humu tu): ni miaka minane. Nilikuwa koplo wa stoo. Mablanketi, mabuti, sufuria. Koplo ni koplo.

Na hapa ndipo penye mtihani. Mwalimu wa makuruta ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Yule yule niliyekuwa nikimtuma viberiti na akirudi na vya duka jingine namrudisha! Sasa ni sajenti. Nisimame mbele yake katikati ya watoto wenye ndevu tatu kidevuni, niitwe kuruta? Mama mkwe atazimia kwa furaha. Hapana. Kozi fupi au sirudi!

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na hoja. Ulinzi ni ulinzi! Miaka minane nimelinda geti. Kwa hiyo sijatoka jeshini, nimebadilisha kituo tu. Nikavaa suruali yangu ya zamani ya kombati. Kifungo kimegoma, nimeshikilia kwa pini ya nepi ya mjukuu wa jirani. Mke wangu akaniuliza kama nakwenda vitani au kuchunguzwa tumbo. Nikatoka zangu. Mwenye kazi hana maneno.

Karani alinisikiliza hadi mwisho. Akasema nimelinda magodoro. Nikasema magodoro ya taifa, wananchi wanalalia. Wakati huo huo nani anatokea kwenye korido? Shemeji! Kifua mbele, buti zinang'aa. Akasimama, akanipa shikamoo ya adabu kabisa mbele ya watu wote. Nikaitika marahaba kwa sauti nene. Akauliza nimefuata nini. Nikasema nimepita tu kuangalia hali ya usalama. Akaitazama pini. Kisha akaniinamia sikioni, akasema kundi la makuruta linaanza Jumatatu na akinikuta humo, ushemeji atauacha getini na kuuchukua jioni akitoka. Sasa hilo lilikuwa neno la kusemwa kwa mkubwa wake?

Karani hoja ameitupa. Kasema siwezi kuruka mafunzo ya awali. Wanaoruka, kasema, ni wengine.

Kumbe wapo wanaoruka! Hilo neno nimeondoka nalo kifuani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefikiri jana kutwa pale getini. Tatizo ni sura. Nikionekana kijana, nani atanihesabia miaka? Leo asubuhi nimepaka nywele dawa ya viatu, nyeusi, ile ya kopo la bati. Nikajitazama kiooni. Jamani! Nimerudi nyuma miaka kumi na tano. Nimetoka kwa madaha.

Mvua ikanikuta njiani.

Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba karani aliniuliza kama nimetoka kuzima moto mahali, akanipa karatasi ya kujifutia, na shati langu jeupe si jeupe tena. Mke wangu amecheka hadi akakaa chini. Aliponyanyuka akasema jambo moja la maana: kama hamu yote hii ni ya jeshi, mbona nisiende na makuruta nikayamaliza mafunzo yao? Nikamwambia wanawake hawajui mambo ya tepe za cheo. Akasema anajua sana, ndiye aliyekuwa akizishona.

Ijumaa, 7 Machi

NIMEPATA!

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido nikimsubiri karani apunguze hasira. Mlango wa kapteni uko wazi nusu. Nikasikia, kwa masikio yangu haya mawili, kapteni akimwambia sajenti mmoja mwenye masharubu, wanamwita Kipanga, kwamba anataka watu wa kuruka. Wachache tu, wenye uzoefu. Na mtu wa kuruka, akasema, hata awe ametoka jeshini zamani gani, anakwenda kozi fupi ya wiki mbili na cheo chake hakiguswi.

Kumbe mlango upo! Karani alinificha! Jeshi limekuwa la kisasa, linawatambua watu wenye akili ya kuruka yasiyo ya lazima. Sikubisha hodi. Nikaingia, nikasimama wima, nikasema afande, mtu wa kuruka ni mimi.

Kapteni akatazama tumbo langu. Kipanga akauliza nimeruka mara ngapi. Nikajibu kwa moyo mweupe, maana kwa hili sihitaji kudanganya: idadi sikumbuki, nilikuwa naruka kila nafasi ilipopatikana, mvua inyeshe jua liwake. Nimeruka tangu nikiwa shule. Darasa la tano nililiruka zima. Kapteni akafikiri natania, akatabasamu. Kipanga akauliza kama niliwahi kupata matatizo. Nikasema nilinaswa mara moja tu, nyuma ya jiko la kambi. (Nilikuwa nimeruka kwata, gwaride la asubuhi, mpishi akanichongea kwa meja.) Kipanga akapiga mluzi. Akasema upepo wa siku hiyo lazima ulikuwa mbaya. Nikasema ulikuwa mbaya sana, maana ndio ulioipeleka harufu ya sigara yangu kwa mpishi. Wakaangua kicheko wote wawili. Kipanga akanipiga begani, akasema watu wa kuruka wote ni vichaa hivi hivi.

Nimepokelewa! Wiki mbili! Koplo!

Jumamosi, 8 Machi

Siku tamu kuliko zote. Mama mkwe alikuja kututembelea, shemeji kamleta. Nikatangaza mezani kwamba nimechaguliwa miongoni mwa watu wa kuruka. Shemeji kijiko kikamponyoka. Akauliza, wewe shemeji, kuruka? Nikasema ndiyo, na nashangaa kwa nini wao huko kwa makuruta hawaruki. Akasema yeye hajapata ujasiri huo. Ujasiri! Nikamwambia kwa huruma kwamba si kila mtu amezaliwa nao, na asijisikie vibaya.

Mama mkwe alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu nilipokwenda kumposa binti yake. Akaniombea dua ndefu ya kurudi mzima. Niliona imezidi kidogo kwa kozi ya wiki mbili, lakini dua haikataliwi.

Meneja wa kiwanda kanipa ruhusa haraka mno. Kasema niende hata mwaka, geti litajifungua lenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Kambini! Harufu ya dawa ya sakafu na rangi mbichi. Vitanda vya chuma. Blanketi la kijivu lile lile, nimelijua kwa pindo lake. Nililinusa mbele za watu, sikuona haya. Machozi yalinilengalenga.

Tuko sita. Kitanda cha jirani yupo fundi bomba mmoja, mtu mpole, naye ametoka jeshini miaka mingi. Akanong'ona kwamba tumbo linamkatika kwa woga. Nikamwambia langu limetulia, nimekula sahani mbili. Akasema ananionea wivu.

Masomo ni ya ajabu. Asubuhi nzima tumefundishwa kuanguka. Unasimama juu ya ukuta mfupi, magoti pamoja, unajiachia kwenye mchanga, unabingirika. Tena na tena. Nikamwuliza fundi bomba tunaangukia nini. Akasema ukitua vibaya mguu si wako tena. Kweli tupu. Mimi mwenyewe nimewahi kuteleza bafuni.

Jioni Kipanga katangaza kwamba kesho tutaonyeshwa miavuli yetu. Jeshi limebadilika jamani! Enzi zetu mvua ilikuwa yako peke yako. Kwa kuwa mimi ni mtu wa stoo nikauliza kama ina vishikio vya mbao au vya plastiki. Watu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Wameshanipa jina la utani, Kishikio. Napendwa hapa.

Kule ng'ambo ya uzio nawaona makuruta wa shemeji wakikimbia na matofali kichwani. Niliwapungia mkono.

Jumanne, 11 Machi

Nimekaa chooni naandika. Hapa ndipo mahali pekee pa kufikiri.

Asubuhi tukaingizwa banda refu. Juu ya meza ndefu kama ya karamu wametandaza kitambaa chepesi cha kijani, upana wa hema, na kamba zake nyingi kama nywele za mwanamke aliyefumua. Nikauliza hema hili ni la watu wangapi. Kipanga, huku akicheka, akasema la mmoja, Kishikio, na ulikunje vizuri, maana huu ndio mwavuli utakaokushikilia huko juu.

Huko juu.

Nikamwuliza fundi bomba, polepole, juu wapi. Akasema kwenye ndege, kaka, wapi tena? Siku ya mwisho wa kozi. Na kabla ya hapo, Alhamisi, mnara.

Mungu wangu. Kuruka! Kuruka kwenyewe! Kwa miguu! Kutoka kwenye kitu kilicho juu kwenda kwenye kitu kilicho chini! Lugha hii ina maneno mengi kama mchanga, hawakuweza kupata neno jingine? Mimi ngazi ya kubadilishia balbu nashikiwa na mke wangu.

Sasa nifanye nini? Nikisema ukweli, natupwa kwa makuruta, tepe zinakwenda, na shemeji anacheka mbele ya mama mkwe. Nikinyamaza, narushwa hewani.

Nimefikiri. Nimefikiri sana, hadi watu wakagonga mlango. Jibu ni rahisi kabisa: nitaruka kuruka! Yaani kozi nitakaa nayo, isipokuwa hicho kipande kimoja. Mbona kwata niliiruka mwaka mzima?

Jumatano, 12 Machi

Mpango kamili, nausema kwa fahari. Leo mchana tulipimwa uzito. Fundi bomba kanidokeza kwamba uzito ukizidi kipimo, mtu hapandishwi. Safi! Nilikuja na kufuli za kiwanda, zile kubwa za magodauni, nilizisahau kwenye begi tangu siku ya kuondoka (meneja atakuwa anazitafuta). Nikazijaza mifuko yote ya kombati. Suruali ikashuka, nikaongeza mkanda wa pili. Nikatembea kwenda kwenye mizani nikilia kama punda wa mizigo aliyefungwa kengele.

Mshale ukaenda, ukaenda, ukagota. Kipanga akautazama. Akanitazama. Moyo wangu unaimba. Akasema nisiwe na wasiwasi hata kidogo, upo mwavuli mkubwa zaidi.

Nilijaribu pia kukohoa. Daktari wa kambi kanipa dawa ya kikohozi na kuniandikia kwamba niko fiti.

Hata hivyo sijakata tamaa. Alhamisi ni kesho na kesho haijafika. Sitazitoa kufuli, nimeona ninavyopumua kwa shida nikipanda ngazi nazo; pengine kesho nitashindwa kuufikia mlango wa mnara na watanihurumia.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Niandike ilivyokuwa.

Mnara ni wa mbao, mrefu kuliko kiwanda chetu pamoja na bomba lake la moshi. Unafungwa mikanda ya kifuani na mapajani, unaning'inizwa kwenye waya mnene unaoteremka hadi kwenye mchanga ng'ambo ya uwanja. Unasimama mlangoni. Unaruka. Watoto wadogo wangelipia mchezo huo.

Nilipanda wa mwisho. Kufuli zinagongana, ngwa, ngwa, ngwa. Nilitumaini kuzimia ngazi ya katikati lakini afya niliyonayo, wallahi, ni ya kijinga. Nilifika juu nikiwa na akili zangu zote. Fundi bomba, yule mwoga wangu, akafumba macho, akaita mama yake, akaruka! Akateleza hewani anapiga vigelegele. Nikabaki mimi na Kipanga.

Akanifunga mkanda. Akasema nitazame mbele, nisitazame chini. Nikatazama chini. Kote ng'ambo ya uzio makuruta wamesimama kutazama, na mbele yao shemeji, mkono juu ya macho kukinga jua. Hata toka mbali hivyo nilijua ni yeye, anasimama kama mama yake.

Kipanga akasema ruka. Nikasema ndiyo afande. Akasema ruka basi. Nikasema afande, naomba nianze na wiki ijayo. Akanishika bega taratibu, kwa nia njema kabisa. Na mimi, kwa nia njema kabisa, nikamkumbatia. Kwa mikono na miguu. Sijui nani alimtelezesha mwenzake. Najua tulitoka wote wawili.

Waya ule haukutengenezwa kwa wanaume wawili na kufuli. Hatukuteleza, tuliporomoka! Masharubu ya Kipanga yalikuwa mdomoni mwangu njia nzima. Ule ukelele mrefu uliosikika hadi sokoni ulikuwa wangu, watu wasimsingizie. Mchanga tuliupita, tukaingia kwenye kamba za nguo za kambi, tukasimama ndani ya shuka za kapteni.

Kipanga kateguka kidole gumba. Mimi nimeumia sehemu ya kukalia. Kufuli moja ilikuwa mfuko wa nyuma.

Ijumaa, 14 Machi

Niliitwa kwa kapteni. Akauliza swali moja tu: nimewahi kuruka mara ngapi, na safari hii nimweleze vizuri nilimaanisha nini.

Nikaeleza. Darasa la tano. Kwata. Ukaguzi wa meno. Nyuma ya jiko. Kila nilivyoendelea uso wake ulizidi kuwa mwekundu, nikajua nakwenda gerezani. Kisha akavua kofia, akaiweka usoni, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akatoa leso. Kipanga, kidole kimefungwa bendeji, hakucheka hata kidogo.

Alipotulia kapteni akasema niko huru kwenda nyumbani, hakuna kosa, kuna kutoelewana tu. Au, akasema, kundi la makuruta limeanza wiki hii, wanaweza kuniongeza. Miezi mitatu. Bila tepe.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni: nyumbani, asante afande. Wakati huo huo filimbi ikalia uwanjani. Mabuti yote yakagonga chini kwa pamoja, dirisha likatetemeka kidogo. Miaka minane pale getini sijasikia sauti ile. Malori yanaingia, malori yanatoka, hakuna anayenigeukia.

Nikasema nabaki. Sijui nani alisema, lakini sauti ilikuwa yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Gwaride langu la kwanza. Nimewekwa mstari wa mbele kwa sababu ya urefu. Kulia kwangu mtoto ananukia maziwa, kushoto kwangu mwingine ameniamkia na kuniuliza kama nimekuja kumtazama mwanangu.

Shemeji akaja. Akapita mbele yetu mmoja mmoja. Akasimama kwangu. Nikamtazama, nikasubiri shikamoo yangu. Naye akasubiri. Tukatazamana hivyo muda wa kutosha chai kupoa. Mwishowe nikamkumbusha kwa upole kwamba mdogo ndiye huanza.

Sitaandika idadi ya pushapu. Nitasema tu uwanja ule naujua sasa kwa sura, kokoto moja moja. Nilipokuwa chini alinyanyua sauti makuruta wote wasikie, akasema hapa hakuna shemeji, kuna afande. Nikaitikia ndiyo afande. Liliuma kuliko kufuli.

Jioni, zamu ilipokwisha, mtu akaja hadi ukingoni mwa kitanda changu, kavaa kandambili, mkononi kopo la dawa ya kuchua. Akasema shikamoo shemeji. Nikageukia ukuta kwanza ili aione hasira yangu, nikaitikia marahaba. Akasema pole na miguu. Akasema mama yake anamwambia kila mtu kwamba mkwewe karuka kutoka mnarani, na yeye hajamsahihisha. Akaliweka kopo, akaondoka.

Nimelia kidogo. Dawa ile ina ukali.

Jumanne, 18 Machi

MAMBO YAMEGEUKA! Siku ya pili tu!

Baada ya kifungua kinywa shemeji, yaani afande, alitusimamisha uwanjani. Akatazama juu, akatazama chini, akauliza nani kati yetu anataka kupanda. Kupanda! Siku yangu ya pili ya mafunzo! Watoto wale wamesimama kama nguzo, hakuna anayejitokeza, hawana haja ya cheo, ndio kwanza wameanza maisha. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Aliponiuliza kama nina uhakika nikamwambia afande, mimi nilizaliwa kwa ajili ya kupanda, na nipandishe haraka iwezekanavyo. Akasema basi, peke yako, leo hadi jua lizame, na kesho pia kama haitakwisha.

Siku mbili na tepe zangu zinarudi! Wengine miezi mitatu, mimi siku mbili! Nimemwambia yule mtoto wa kulia kwangu kwamba katika jeshi siri ni kuelewa maneno haraka kuliko wenzako.

Naandika haraka maana naitwa. Nje ya banda limeegeshwa lori, limejaa miche ya miti hadi juu, na majembe pembeni. Nawaonea huruma watakaopewa kazi hiyo.